Tamko la 34(6) liliondolewa: mwenye malalamiko ya ardhi ya kijiji aanzie mlango gani?

Kengele_ya_Kata

Habari wakuu. Naomba wanaojua sheria za haki za binadamu za kikanda wanisaidie hapa. Siasa tuziweke pembeni.

Tuchukulie hali hii. Tangazo la Serikali limetoka gazetini, linaigeuza sehemu ya ardhi ya kijiji kuwa hifadhi. Tangu lichapishwe ni wiki ya tano. Mkutano mkuu wa kijiji haukuwahi kuitwa, na wafugaji wameshaambiwa kwa mdomo waondoe mifugo. Mpango unaojadiliwa ni huu: kwanza notisi ya siku 90 kwa Serikali, halafu Mahakama Kuu, halafu Rufani, na ikishindikana kote, Mahakama ya Afrika pale Arusha.

Wengine wanasema Arusha "tulijitoa" kwa hiyo pamefungwa. Wengine wanasema kuna mahakama mbili Arusha na moja iko wazi. Kuna waliotaja Banjul. Ipi ni ipi, na mpango huu una kasoro gani?

---

MasijalaNamba7

Kasoro ni kalenda. Mpango mmeupanga kama ngazi, kwamba unapanda kimoja kimoja hadi juu. Milango ya kikanda haiko hivyo. Mmoja unakutaka uje haraka hata kama nyumbani hujamaliza, mwingine haukupokei mpaka umalize nyumbani. Ukiipanga foleni moja, wa kwanza unafungwa ukiwa bado unasubiri wa pili.

Tuanze na hilo neno "tulijitoa", maana linapotosha. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliundwa kwa Itifaki ya 1998. Tanzania imo kwenye Itifaki hiyo mpaka leo na bado ni mwenyeji wa mahakama. Kilichoondolewa ni tamko la Ibara ya 34(6), ambalo ndilo linalomruhusu mtu binafsi au asasi yenye hadhi ya mwangalizi kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu (ile ya Banjul) kufungua shauri moja kwa moja. Tamko liliwekwa 2010, notisi ya kuliondoa ikatolewa 21 Novemba 2019, na kuondolewa kukaanza kufanya kazi 22 Novemba 2020. Mwaka huo mmoja wa katikati unatokana na uamuzi wa mahakama yenyewe wa Juni 2016 katika shauri la Ingabire Victoire Umuhoza dhidi ya Rwanda: nchi inaweza kuondoa tamko, lakini lazima ipite miezi 12, na mashauri yaliyokwisha kufunguliwa hayaguswi. Ndiyo maana hukumu dhidi ya Tanzania ziliendelea kutoka baada ya 2020, na watu wakadhani mlango uko wazi.

Kwa tukio la leo, mwanakijiji hawezi kwenda pale peke yake. Wakenya na Waganda wako hivyohivyo, nchi zao hazijawahi kuweka tamko.

Mahakama ya pili ni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, EACJ. Haina uhusiano na ya kwanza zaidi ya kuwa mji mmoja. Hiyo iko wazi. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya inampa haki mtu yeyote mkazi wa nchi mwanachama kuhoji uhalali wa sheria, kanuni, agizo, uamuzi au kitendo cha nchi. Haikuulizi kama umemaliza mahakama za ndani. Lakini Ibara ya 30(2) inakupa miezi miwili tu, kuanzia siku jambo lilipofanyika au kuchapishwa, au siku ulipolijua kama hukuwa unalijua.

Sasa weka notisi yenu ya siku 90 juu ya miezi miwili. Notisi haijaisha, mlango wa EACJ umeshafungwa kwa zaidi ya mwezi mzima.

---

Mtaa_wa_Pili

Mkuu hapo juu yuko sawa kwenye tarehe, ila nadhani anatisha watu kidogo. Tangazo la namna hiyo si tukio la siku moja. Watu wanazuiwa malisho leo, kesho, keshokutwa. Huo ni ukiukwaji unaoendelea, kwa hiyo miezi miwili inaanza upya kila siku. Si hoja inayokubalika kwenye mahakama nyingi za haki za binadamu?

---

MasijalaNamba7

Kwingine hoja hiyo inakubalika. Kwenye EACJ haikubaliki, na hapo ndipo wengi wanapoanguka.

Shauri la kusoma ni la Independent Medical Legal Unit dhidi ya Kenya, kuhusu mateso na mauaji ya Mlima Elgon. Divisheni ya Kwanza iliona kwamba kushindwa kwa Serikali kuchunguza ni jambo linaloendelea, ikalipokea shauri. Machi 2012 Divisheni ya Rufaa ikageuza: Mkataba hauna kipengele cha ukiukwaji unaoendelea, na muda unahesabiwa kuanzia kitendo au kuanzia kukijua. Mwaka uliofuata, katika shauri la Omar Awadh dhidi ya Uganda, ikarudia hivyohivyo na kuongeza kwamba mahakama haina mamlaka ya kuongeza muda. Omba radhi, eleza umaskini, eleza umbali, haisaidii. Barua kwa waziri haisimamishi saa. Kikao na mkuu wa wilaya hakisimamishi saa. Ahadi ya "tunalifanyia kazi" ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu inapendeza masikioni. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Kitendo kipya kinaweza kuzaa muda mpya, hilo kweli. Tangazo ni kitendo kimoja. Kuchomewa maboma miezi minne baadaye ni kitendo kingine, nacho kina miezi miwili yake. Lakini ukija kwa maboma pekee, uhalali wa Tangazo lenyewe utakuwa umeshakutoka mkononi.

Mfano mzuri wa watu waliohesabu vizuri ni Baraza la Habari Tanzania na wenzake. Sheria ya Huduma za Habari ilitiwa saini Novemba 2016. Shauri namba 2 la 2017 likafunguliwa Januari 2017. Machi 2019 mahakama ikasema vifungu kadhaa vinakiuka Mkataba. Wangesubiri kwanza mwandishi ashtakiwe na kesi yake iishe, leo tusingekuwa na hukumu hiyo.

---

Hati_na_Muhuri

Naongezea namna ya kuandika, kwa sababu hata aliyewahi muda anaweza kutupwa nje kwa maneno ya kwenye hati.

EACJ si mahakama ya haki za binadamu kwa jina. Ibara ya 27(2) inasema mamlaka hayo yataongezwa baadaye, na hiyo baadaye haijafika. Njia ilifunguliwa na shauri la Katabazi dhidi ya Uganda, 1 Novemba 2007: mahakama ilisema haitaacha kazi yake ya kutafsiri Mkataba eti kwa sababu tu ndani ya madai kuna suala la haki za binadamu. Kwa hiyo hoja yako kuu iwe kwamba nchi imevunja Ibara ya 6(d) na 7(2) za Mkataba wa Jumuiya, yaani utawala bora, utawala wa sheria na kuheshimu haki za binadamu. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu unaingia humo kupitia 6(d), kwa sababu 6(d) yenyewe inautaja. Ukianza na "haki ya kumiliki mali, Ibara ya 14 ya Mkataba wa Afrika, imevunjwa" bila kupitia 6(d), umemwandalia wakili wa Serikali pingamizi la awali.

Mengine ya kiutendaji: mjibu maombi ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali, si wizara wala mkuu wa mkoa. Nyaraka ni za Kiingereza, kwa hiyo viapo vya wazee vilivyoandikwa Kiswahili vitafsiriwe mapema. Huna haja ya kusafiri hadi Arusha kufungua, kuna masijala ndogo Dar es Salaam. Na siku hiyohiyo unayofungua, weka ombi la amri ya muda chini ya Ibara ya 39 pamoja na hati ya kiapo inayoonyesha madhara yasiyofidika kwa pesa. "Tutapata hasara" haitoshi. Taja idadi ya ng'ombe, chanzo cha maji kilichobaki na umbali wake, mwezi ambao kiangazi huanza.

Nani afungue? Halmashauri ya Kijiji ni chombo chenye utu kisheria, inaweza kushtaki. Ila ambatanisheni muhtasari wa kikao kilichotoa idhini, wenye akidi, sahihi na mhuri. Mwenyekiti akija na barua yake binafsi, swali la kwanza litakuwa nani kakutuma.

---

Mpimaji_Mstaafu

Mambo ya ibara nawaachia wenyewe. Mimi nasemea ramani, kwa sababu kesi za namna hii hufia hapo.

Angalieni shauri la vijiji vinne vya Loliondo: Ololosokwan, Oloirien, Kirtalo na Arash. Lilifunguliwa 2017, amri ya muda ikapatikana Septemba 2018. Septemba 2022 Divisheni ya Kwanza ikalitupa, na kiini kilikuwa kwamba waombaji hawakuthibitisha kuwa waliondolewa kwenye ardhi ya kijiji na si ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Miaka mitano, na jambo likaja kusimama kwenye mstari wa mpaka. Novemba 2023 Divisheni ya Rufaa ikalirudisha lisikilizwe upya.

Kosa ninaloliona kila mara kwenye vielelezo vya wanakijiji ni hili. Kijana anazunguka na simu, anachukua alama za GPS kila penye boma lililobomolewa, halafu anaziweka juu ya ramani rasmi. Simu inasoma kwa mfumo wa WGS84. Ramani nyingi za zamani za upimaji Tanzania ziko kwenye Arc 1960. Usipobadilisha mfumo, alama zako zinahama takribani mita 300, karibu zote kuelekea kaskazini au kusini. Boma lililokuwa nje ya mpaka linaonekana ndani. Mtaalamu wa upande wa pili hahitaji kusema uongo, anauliza tu swali moja, "ulitumia mfumo gani?", na kielelezo kimekufa.

Kwa hiyo: kila alama iandikwe na jina la mfumo, kanda ya UTM, yaani gridi ya ramani (sehemu kubwa ya nchi ni 36 Kusini au 37 Kusini, mpaka wake uko nyuzi 36 mashariki), tarehe, saa, na jina la aliyeichukua. Picha ionyeshe kitu kisichohama, kama kilima, jiwe la mpaka au mti mkubwa. Cheti cha Ardhi ya Kijiji kiwepo pamoja na ramani ya upimaji yenye namba. Kama mna cheti bila ramani yake, kaombeni nakala upimaji na ramani wiki hii hii, si wiki ya kufungua kesi.

---

Hati_na_Muhuri

Nimeipenda hiyo ya mita 300, naichukua.

Pamoja na mipaka, someni Kifungu cha 4 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sura 114. Ardhi ya kijiji haihamishwi kwa Tangazo peke yake. Halmashauri ya Kijiji inapaswa kupewa taarifa yenye mahali, ukubwa na sababu. Kisha kuna mstari wa hekta 250: eneo lisilozidi hapo, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa, likizidi, mkutano mkuu unatoa pendekezo na waziri ndiye anayeamua. Wengi huandika "hatukuridhia" wakati eneo ni hekta 4,000, na hapo mjibu anasema ridhaa yenu haikuhitajika kisheria. Kwa eneo kubwa hoja yenye nguvu ni kwamba hata pendekezo halikuombwa. Leteni kitabu cha mihtasari ya mikutano ya mwaka mzima, kurasa zote kwa mfululizo. Ukurasa uliokosekana katikati utageuzwa kuwa ndio wenye ridhaa.

---

Kengele_ya_Kata

Asanteni sana. Na mahakama za ndani, tuziache?

---

Wakili_wa_Kisima

Hapana, zote ziende kwa pamoja. Kuwa na kesi nyumbani hakukufungii EACJ. Katabazi tayari ilikataa hoja kwamba jambo limeshaamuliwa kwingine, kwa sababu kule swali ni tafsiri ya Mkataba.

Ila chagueni aina ya kesi. Notisi ya siku 90 ni ya kesi ya madai ya kawaida dhidi ya Serikali, Kifungu cha 6 cha Sheria ya Mashauri ya Serikali, Sura 5. Ninyi mnachotaka kwa haraka si fidia, ni Tangazo lifutwe. Njia yake ni mapitio ya Mahakama Kuu chini ya Sura 310 na kanuni zake za 2014. Yana hatua mbili. Kwanza ombi la kibali, ndani ya miezi sita tangu uamuzi: maelezo ya mwombaji, nafuu anayoomba na sababu zake, pamoja na hati ya kiapo kuthibitisha ukweli. Kibali kikitoka, ombi lenyewe linafunguliwa ndani ya siku 14. Watu wanashangilia kibali, wanapiga picha nje ya mahakama, siku ya 15 inapita. Nafuu kwenye ombi la pili ziwe zilezile za kwenye ombi la kibali, usiongeze mpya.

Mkitaka kwenda kwa Katiba, ni Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Msingi na Wajibu, Sura ya 3. Marekebisho ya 2020 kwenye Kifungu cha 4 yalidai kiapo kinachoonyesha mwombaji ameathirika yeye binafsi. Hoja juu ya marekebisho hayo zimepiganiwa sana mahakamani. Kwa vyovyote vile, wekeni waombaji wachache ambao boma na mifugo ni vyao kweli, kila mmoja na kiapo chake. Hapo hakuna wa kuwauliza mnamwakilisha nani. Na kumbukeni Kifungu cha 8(2): kama kuna njia nyingine ya kutosha, mahakama inaweza kukurudisha huko. Kwa hali yenu mapitio ndiyo hiyo njia nyingine, kwa hiyo mimi ningeanza nayo.

---

Bandari_Salama

Nijazie Banjul maana imetajwa mara moja ikaachwa.

Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Banjul, Gambia. Haihitaji tamko lolote. Tanzania iliridhia Mkataba wa Afrika 1984 na hilo linatosha. Hakuna ada, hulazimiki kuwa na wakili. Masharti yako Ibara ya 56, nayo ni saba, lakini yanayoua malalamiko ya watu wetu ni matatu au manne.

La kumaliza njia za ndani mnalijua. Kipimo kilichowekwa na shauri la Jawara dhidi ya Gambia ni kwamba njia hiyo iwepo, iweze kufanya kazi, na itoshe. Kesi inayoahirishwa miaka bila sababu si lazima uisubiri, lakini uthibitishe: ambatanisha mwenendo wa shauri wenye tarehe za kila ahirisho na aliyeliomba.

Lugha. Tume iliwahi kukataa malalamiko ya asasi moja ya Kameruni kwa sababu yaliita utawala wao wa watesaji na maneno ya aina hiyo. Mengi yaliyodaiwa mle yalikuwa mazito kweli, ila hayakusikilizwa. Andika "askari waliwapiga watu wanne kwa marungu saa kumi na moja alfajiri", usiandike "serikali katili". Vivumishi waachieni wasomaji.

Magazeti. Ibara inakataza malalamiko yanayotegemea habari za vyombo vya habari *peke yake*. Kuambatanisha gazeti ni ruksa, mradi kuwe na viapo na nyaraka zenu.

Muda: "muda unaofaa" baada ya kumaliza nyumbani. Hakuna namba, lakini Majuru dhidi ya Zimbabwe alichelewa miezi 22 akakataliwa. Wanasheria makini hujiwekea miezi sita.

Na hapa ndipo ile Mahakama ya Afrika inaporudi kwa mlango wa uani: Ibara ya 5 ya Itifaki inairuhusu Tume yenyewe kupeleka shauri mahakamani dhidi ya nchi iliyo kwenye Itifaki, tamko liwepo lisiwepo. Ndivyo Waogiek wa Msitu wa Mau walivyofika, na Kenya haijawahi kuweka tamko. Lakini tazameni ratiba yao kabla hamjafurahi. Notisi ya siku 30 ya kuhama ilitoka Oktoba 2009. Tume ilitoa amri ya muda 23 Novemba 2009. Ikapeleka shauri mahakamani Julai 2012. Hukumu 26 Mei 2017. Fidia 23 Juni 2022: shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa maumivu. Karibu miaka 13. Na uamuzi wa kupeleka ni wa Tume, si wako. Wewe unaweza kuomba tu.

Kwa jambo la hifadhi na wafugaji, someni pia uamuzi wa Endorois dhidi ya Kenya, Ziwa Bogoria. Ibara za 8, 14, 17, 21 na 22 zimechambuliwa mle kwa namna inayowafaa moja kwa moja.

---

Mtaa_wa_Pili

Nakubali nilikosea kwenye ukiukwaji unaoendelea. Lakini tuseme ukweli wote: hata ukishinda? Mchungaji Mtikila, aliyedai mgombea binafsi aruhusiwe, alishinda Mahakama Kuu 1994, akashinda tena 2006, Rufani 2010 ikasema mgombea binafsi ni suala la Bunge, akashinda Mahakama ya Afrika 14 Juni 2013. Mgombea binafsi yuko wapi?

---

Bandari_Salama

Hayupo, na sina cha kukupinga hapo. Utekelezaji ni ugonjwa wa mahakama zote hizi. Ila amri ya muda ni kitu tofauti na hukumu ya mwisho: thamani yake ni wakati ambao watu bado wako juu ya ardhi. Ndiyo maana nasisitiza iombwe siku ya kwanza.

Pia kuna milango midogo ambayo watu husahau. Kama walioathirika zaidi ni wanawake, Tanzania imo kwenye itifaki ya hiari ya CEDAW, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake. Wajane wawili walishinda huko 2015 kuhusu urithi wa kimila. Watu wenye ulemavu wana Kamati ya CRPD ya Umoja wa Mataifa, ambako mwenye ualbino alishinda 2017. Watoto wana Kamati ya Afrika yenye makao Maseru, iliyotoa uamuzi wa 2022 kuhusu wasichana waliofukuzwa shule kwa ujauzito. Kamati ya Umoja wa Mataifa dhidi ya Mateso msihangaike nayo, mkataba wake hatujauridhia.

---

Kengele_ya_Kata

Swali la mwisho. Tangazo likiwa na tarehe ya 6 Machi chini ya sahihi ya waziri, lakini Gazeti lenyewe ni la 13 Machi, na kijijini nakala ilifika 2 Aprili. Tunahesabu kutoka ipi?

---

MasijalaNamba7

Mtabishana kwa 2 Aprili mkibanwa, ila msiitegemee. Kuchapishwa gazetini kunachukuliwa kuwa taarifa kwa umma, na mjibu atasema hivyo kwenye ukurasa wa kwanza wa majibu yake. Fanyeni kazi kama vile saa ilianza 6 Machi, hati ziwe masijala kabla ya mwisho wa Aprili. Na msiambatanishe Tangazo peke yake lililochapwa kutoka mtandaoni. Tafuteni toleo zima la Gazeti, lenye jalada na namba ya toleo, kwa sababu jalada ndilo linalothibitisha toleo na tarehe yake ya kuchapishwa.